Reli iliyochoka Kamanyola



Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, simu yangu imegeuka sanduku la barua la kata nzima. Waliokimbia wananiuliza kama mlango wa nyumba bado upo, kama mvua haijabeba ukuta, kama fulani anaonekana. Waliobaki wananiuliza kama watu wao wamefika. Sauti nyingi zinatoka Kalemie, kwa sababu kuna familia zilizoteremka mpaka Uvira, zikaona hata Uvira hapakaliki, zikapanda boti na kufuata Ziwa Tanganyika kuelekea kusini. Katika sauti moja ya mama aliyekuwa jirani yetu, nyuma ya maneno yake, kulilia honi ya treni. Akacheka, akasema watoto wake wanakimbia kila mara kwenda kuitazama, na mdogo anamuuliza: “Mbona Bukavu hatuna hii?” Mama akaniambia: wewe unayeandika, mjibu mtoto.

Jibu fupi ni kwamba treni ilikuwa njiani kuja Bukavu. Ilichoka Kamanyola. Jibu refu ndilo ninaloandika leo, kwa sababu naona lina mambo mengi ya maisha yetu ya sasa: kwa nini mji wetu umekaa namna ulivyokaa, kwa nini Kadutu ni Kadutu na Muhumba ni Muhumba, na kwa nini barabara moja ikifungwa sufuria ya Cimpunda inajua kabla ya redio.

Tuanze na mlima. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, mita 770 na kitu. Mto Ruzizi unatoka huku kwetu na kumwaga maji kule, na katika safari hiyo unashuka karibu mita 700. Haushuki polepole sawasawa. Sehemu kubwa ya mteremko iko katika makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola, ndiyo maana mabwawa ya umeme ya Ruzizi yalijengwa kwenye makorongo hayo. Ukishafika Kamanyola, nchi inafunguka na kuwa tambarare mpaka Uvira, nchi ya mpunga, ya ng’ombe na ya jua kali.

Wabelgiji walitaka kuunganisha maziwa haya mawili kwa reli. Kampuni iliyopewa kazi iliitwa kwa Kifaransa Chemins de fer du Kivu, yaani Reli za Kivu, na watu walizoea kuifupisha: CEFAKI. Reli ilianzia Kalundu, bandari ya Uvira, ikapita kwenye bonde, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafika Kamaniola, kama jina lilivyoandikwa wakati ule. Ni kilomita kama 90. Mpaka hapo kazi ilikuwa ya kulaza vyuma juu ya uwanja. Mbele yake ulisimama mlima, na dunia nzima ilikuwa katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Vyuma havikupanda. Kuanzia Kamaniola, mzigo wa Bukavu ulipakiwa kwenye malori ukapandishwa kwa barabara ya mlimani, ile ya Ngomo ambayo sisi wote tunaijua kwa hofu.

Watu wengi wa rika langu wanajua jina la Kamanyola kwa sababu ya mapigano ya mwaka 1964, ambayo Mobutu aliyageuza kuwa sifa yake, mpaka uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ulipofunguliwa ukapewa jina hilo kabla ya kuitwa uwanja wa Mashahidi. Lakini kabla ya vita, Kamanyola ilijulikana kama mwisho wa reli. Babu yangu upande wa mama alifanya kazi hapo akiwa kijana, kubeba. Hakuwa na cheo kingine. Alipozeeka aliishi nasi Cimpunda, na jioni umeme ukikatika alitusimulia. Gunia za kahawa zilishuka kutoka mlimani kwa lori, pamoja na maganda ya mti wa kwinini. Kutoka bondeni ulikuja chumvi, vitambaa, saruji, petroli ya taa, na vitu vya Wazungu ndani ya makasha yenye misumari. Wao walisimama katikati: walitoa kwenye behewa, wakaweka kwenye lori, walitoa kwenye lori, wakaweka kwenye behewa. Alikuwa na msemo wake: “Reli ilichoka, sisi tukaimalizia kwa mgongo.”

Mimi nikiwa mtoto nilifikiri anatania. Siku hizi nahesabu. Chukua kasha moja lililofika Dar es Salaam kwa meli. Linashushwa, linapanda treni mpaka Kigoma. Kigoma linashushwa, linapanda meli ya ziwa. Kalundu linashushwa, linapanda treni ya CEFAKI. Kamaniola linashushwa, linapanda lori. Bukavu linashushwa, linaingia bohari. Kila kushusha ni mikono, kila mikono ni watu, na watu hao wanahitaji kula, kulala, kunywa, kununua sabuni, kutuma barua. Hapo ndipo soko linapotokea. Fundisho la babu ninaliweka hivi: katikati ya mji ni pale mzigo unapobadilisha chombo. Penye kupakua pana mji. Mzigo ukipita bila kusimama, hapo kutabaki vumbi tu.

Mkitaka ushahidi, ninyi mlio Kalemie tazameni pale mlipo. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Iliwekwa na kampuni ya Maziwa Makuu, CFL, ya yule tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain. Mto Lualaba ulikuwa na maporomoko, kwa hiyo walijenga reli vipande vipande kuzunguka sehemu zisizopitika: Kisangani mpaka Ubundu, Kindu mpaka Kongolo, kisha Kabalo mpaka ziwani. Katika kila mwisho wa kipande pakaota mji. Kindu haikuwa mji kwa sababu ya uzuri wa mahali. Ilikuwa mji kwa sababu boti ilifika hapo ikakabidhi mzigo kwa treni. Kalemie, wakati huo Albertville, ilikuwa hivyohivyo: treni inaingia mpaka bandarini, na mzigo unavuka kutoka chuma kwenda maji. Maduka, ofisi, nyumba za wafanyakazi, baadaye hata kiwanda cha nguo cha Filtisaf, vyote vilifuata mahali hapo pa kukabidhiana. Ukiwa mgeni Kalemie na hujui mtu, fuata reli mpaka bandari. Huko ndiko utakakokuta wanaotafuta wa kubeba, wanaopika, wanaouza kwa rejareja, na mara nyingi utakuta mtu anayeongea Mashi.

Ng’ambo ya ziwa kuna somo la pili, na hili ni chungu kidogo. Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara kwa miaka mingi, mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani. Kiswahili tunachoongea huku bara kimepita sana kwenye njia hiyo. Kisha Wajerumani wakaleta reli kutoka Dar es Salaam, ikafika ziwani mwaka 1914. Haikwenda Ujiji. Ilikwenda Kigoma, kilomita chache kaskazini, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina maji ya kina na imejificha na upepo. Kituo kikajengwa chini karibu na maji, na barabara kubwa ya mji ikapanda kutoka mlangoni pa kituo. Ujiji ukabaki na miembe yake na misikiti yake. Hakuna aliyeuchoma. Mzigo ulibadilisha mahali pa kushukia, basi. Baada ya vita, kwa mkataba wa mwaka 1921, Wabelgiji wakapewa sehemu zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam, na mizigo ya Kivu ikawa inapita hapo. Ndiyo maana wazee wetu walijua jina la Kigoma kabla ya kulijua la Kinshasa.

Sasa turudi Bukavu, mji ambao reli iliuelekea ikakosa pumzi.

Mji wetu uliitwa Costermansville kuanzia mwaka 1927 mpaka miaka ya 1950. Kwa muda fulani hata mkoa mzima wa Kivu ulibeba jina hilo. Wakubwa wa koloni waliupenda kwa hewa yake na kwa rasi zake tano zilizoingia ziwani kama vidole vya mkono. Walijenga nyumba nzuri, ambazo baadhi bado zimesimama Ibanda zikiwa na kona za mviringo kama meli. Lakini tazama vizuri utaona kitu kinachokosekana. Hakuna kiwanja kikubwa cha kituo cha treni. Hakuna ile barabara pana inayoanzia mlangoni pa gari la moshi na kupanda katikati ya maduka, kama Kigoma. Mji wa treni una kitovu. Wetu una uti wa mgongo: barabara moja ndefu inayofuata umbo la mlima na ziwa, na maduka yamejipanga juu yake kama shanga kwenye uzi, Nguba, Nyawera, Place de l’Indépendance, kisha kupinda kwenda Kadutu. Lori halihitaji kituo. Linasimama popote lenye duka na upana wa kugeuzia.

Na kuna kichekesho ambacho watu wengi wanapita karibu nacho bila kukitazama. Bandari ya serikali hapa Bukavu iko chini ya SNCC, shirika la taifa la reli. Shirika la reli, kwenye ziwa ambalo halijawahi kuona reli! Unapokwenda kupanda meli ya Goma, uko katika mlango wa treni ambayo haikufika. Mimi kila nikisoma herufi zile nne namkumbuka babu. Ni kama sahani iliyowekwa mezani kwa ajili ya mgeni, mgeni akalala njiani, na sahani haijaondolewa mpaka leo.

Kukosekana kwa treni kulikuwa na maana gani kwetu wa mlimani? Kulikuwa na maana kwamba mzigo wa mji huu ulihitaji migongo mingi zaidi. Mahali penye reli, behewa moja linaleta tani nyingi kwa mara moja mpaka mlangoni pa bohari. Mahali pasipo reli, kila gunia linatafuta mtu wake. Kadutu ilipangwa wakati wa ukoloni kuwa makao ya wafanyakazi weusi, mbali kidogo na rasi za Wazungu lakini si mbali sana, ili asubuhi mtu afike kazini kwa miguu. Soko likakua hapo kwa sababu ndipo walipolala waliobeba. Na kata zilizo kwenye miteremko, Cimpunda ikiwemo, zikajaa kidogo kidogo watu waliokuja kutafuta kazi hiyo, kisha watu waliokimbia vita vya vijijini, nyumba juu ya nyumba, mbao na mabati, kwenye udongo ambao mvua inauondoa kila mwaka.

Sisi wa Cimpunda tunasema “nashuka mjini”. Watu wa mahali pengine wanakwenda mjini, sisi tunashuka. Mji uko chini, kwenye tambarare ndogo iliyo karibu na maji, na kila kinachonunuliwa huko lazima kipande na mtu. Tazama wamama wanaobeba kwa kamba iliyopita kichwani, gunia mgongoni, macho chini, wakipanda ngazi za udongo wakati wa mvua. Kazi ya treni inafanywa na mama mwenye watoto sita. Mimi siandiki hivi ili tuhurumiwe. Naandika ili tuone kwamba tukihesabu waliojenga mji huu, tusiishie kwa majina ya Wabelgiji na ya kampuni. Mwisho wa reli na mwanzo wa sufuria viliunganishwa na watu ambao hawako kwenye picha yoyote.

Reli ya CEFAKI yenyewe haikuishi sana. Ilifungwa kabla ya uhuru wa 1960. Lori lilikuwa limeishinda: kwa nini upakie treni Kalundu, ushushe Kamaniola, upakie tena, wakati lori linaweza kutoka ziwani mpaka Bukavu kwa mzigo uleule? Mkono mmoja wa kupakua ukaondolewa, na pamoja nao kazi ya watu kama babu yangu. Yeye alipanda mlima kwa miguu, alifuata malori, akaja Kadutu. Ndiyo namna familia yetu ilivyofika hapa. Nikisema treni iliyokosekana ilitujengea mji, kwa nyumba yetu ni kweli kabisa.

Kamanyola haikufa hata hivyo. Barabara zinakutana pale: ya Uvira, ya mlima wa Ngomo, na ile ya kuvukia Rwanda kupitia Bugarama, ambayo madereva wengi waliipenda kwa sababu ina lami. Kwa hiyo mizigo iliendelea kusimama, na soko likaendelea. Huku Bukavu nako kila mlango una soko lake. Wanaotoka Uvira, Nyangezi na Walungu wanaingia kwa Panzi, na ndiyo maana pale Essence, Major Vangu, watu wanauza mpaka katikati ya barabara. Mitumbwi ya Idjwi na Kalehe inashusha Muhanzi, na Muhanzi ni soko. Miaka yote watu wamelaumiana kuhusu masoko ya barabarani, lakini yule mama wa nyanya amesoma jambo ambalo ramani ya mji haikuliandika: anakaa pale mzigo unaposhuka.

Sasa niseme linalouma. Mji uliojengwa juu ya barabara chache unaishi kwa huruma ya barabara hizo. Mwaka 2025 mapigano yalipofika bondeni, Kamanyola ikageuka mstari wa mbele. Mahali palepale ambapo babu alikabidhi magunia, watu walikuwa wanakabidhiana maiti na majeruhi. Mchele wa bonde, mawese, ndagala wa Tanganyika, vyote vilikuwa upande mmoja, na walaji upande mwingine. Hapa kwetu nilitembea sokoni nikaona kitu ambacho sijakizoea: meza zipo, wenye meza hawapo, na waliopo wana bidhaa ya kujaza kikapu kimoja. Mabenki yalipofunga milango, hata mwenye pesa alikuwa hana pesa. Katikati ya mji haikubomolewa kwa bomu. Ilipungua kama mtu anayekonda, kwa sababu mzigo haukushuka.

Shangazi yangu aliuza ndagala Kadutu kwa zaidi ya miaka 20. Ndagala wake walitoka Uvira, wengine Kalemie, na yeye hakuwahi kufika Kalemie; alijua tu kwamba wale wa kule ni wadogo na wanakauka vizuri. Mwezi wa pili alikimbia pamoja na wajukuu. Leo yuko Kalemie, upande ule samaki wake walikotoka. Ananiambia anauza tena, karibu na bandari, kwenye ukingo wa soko la wenyeji, na kwamba wenyeji walimtazama siku tatu bila kusema, siku ya nne mmoja akamsogezea kigoda. Amefuata mzigo mpaka chanzo chake. Naona hekima ndani yake, na machozi pia.

Kutokana na haya yote nina maneno mawili ya kuwaambia.

La kwanza ni kwa walio ugenini. Msikae pembeni mwa mji mkingoja tu kuitwa kwenye orodha ya msaada. Orodha ni haki yenu, mwandikishwe, lakini pia jueni moyo wa mji mliko uko wapi. Kalemie ni reli na bandari. Uvira ni barabara kubwa na Kalundu. Mahali pa kushushia mzigo pana ajira ya siku, pana habari za barabara ipi imefunguka, na pana madereva na mabaharia wanaoweza kubeba ujumbe mpaka nyumbani. Lakini angalieni: penye mzigo pana pia wezi, na watoto wasiachwe kucheza kwenye reli. Treni haina kona ya kukukwepa. Yule mdogo anayeipenda honi aitazame akiwa mkononi mwa mkubwa.

La pili ni kwa sisi sote, siku amani itakaporudi. Tangu utoto wangu nimesikia watu wakubwa wakizungumza juu ya barabara mpya, bandari mpya, hata reli. Siku mazungumzo hayo yatakapofika kwenye mikutano ya kata, tusifurahie neno peke yake. Tuulize maswali ya mbebaji: mzigo utashuka wapi? Nani ataupokea? Wanaoishi mahali hapo sasa watapelekwa wapi, na kwa karatasi gani? Soko litakuwa na paa, choo na maji, au wamama watarudi kukaa kwenye mfereji? Ujiji haukuulizwa. Kamaniola haikuulizwa. Kadutu ilipangiwa. Mahali pa kushushia mzigo panapoamuliwa, ndipo mji unapoamuliwa, na anayefika baada ya hapo atakuta viti vimekwisha kugawanywa.

Mwenye kiwanja na atunze karatasi zake, hata kama ni fomu ya zamani iliyoliwa na panya pembeni. Aliyekimbia bila kitu, akumbuke majina ya majirani wanne waliomzunguka, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Majirani ni karatasi pia.

Juma lililopita nilipita tena kwenye safu ya ndagala, Kadutu. Meza ya shangazi iko palepale. Juu yake mwenzake wa jirani ameweka sinia lenye mafungu machache ya sambaza wa Kivu, maana ndagala hawafiki. Nikamuuliza kama amehamia hapo. Akanijibu bila kuacha kupanga mafungu: “Hapana. Namkalia tu. Meza ikikaa tupu watu wanasahau ni ya nani.” Kila jioni, akishauza, anaifuta kwa kitambaa na kuigeuza uso chini, namna shangazi alivyokuwa akifanya.